Kabati Lisisogezwe

Ruangwa, 11 Agosti 2024

Mjomba Shaibu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua, na wale mbuzi wawili hawajaingia tena kwenye mihogo ya watu. Mimi ni mzima. Mwanangu Mwantumu yuko bweni Lindi, kidato cha tatu. Mwalimu wake anasema hesabu anaziweza ila anaongea mno darasani, nikajua kwa bibi yake karithi jina na mdomo vyote viwili. Huku upepo wa mwezi wa nane unatia vumbi mpaka kwenye ndoo zilizofunikwa. Dukani kazi ni nyingi, maana watu wakishauza ufuta ndipo wanapokumbuka mabati na misumari.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatana maneno. Mara ya mwisho ulisema mambo ya nyumba hayasemwi hewani, ukakata. Basi yaje kwa karatasi. Nimempa konda wa basi la asubuhi, na majibu mpe yeye yeye.

Jambo lenyewe ni umeme. Tangu bibi atutoke miaka miwili iliyopita, umeme wa nyumba yake unayokaa nanunua mimi. Nanunua kwa simu nikiwa huku, nakutumia zile namba, zinaingizwa kwenye mita. Mwaka jana uniti hamsini zilikufikisha mwezi. Tangu mwezi wa nne uniti hizo hizo hazimalizi wiki, na mita imeshapandishwa kwenye bei ya watumiaji wakubwa. Friji huna. Pasi yako ni ya mkaa. Redio ni ya betri. Sasa mjomba, nani anakula huo umeme?

Nina mpango, na si wa fedha nyingi. Kuta za matofali ya kuchoma alizojenga babu ni nzima, hakuna sababu ya kuzigusa. Ubaya uko juu. Bati halina dari, jua likiliwakia kuanzia saa nne chumba kinakuwa tanuri. Nataka tuanze na vya bei ndogo: tubadilishe globu zote, tutoboe matundu ya hewa chini ya mgongo wa paa pande zote mbili ili hewa moto itoke, tupake bati rangi nyeupe. Tukiweza, tuweke siling bodi kwenye vyumba viwili vya kulala tu. Jikoni mafiga yavunjwe, lijengwe jiko banifu la udongo. Mwisho turefushe kibaraza cha magharibi ili jua la alasiri lisipige ukuta. Sola watu wananishauri, lakini kufunga sola kwenye nyumba kama hiyo sasa hivi ni kutia maji kwenye pakacha.

Vifaa nitavipata hapa dukani kwa bei ya jumla. Nipe ruhusa tu fundi Saturnini aje kupima.

Mpwa wako,
Zulfa


Nachingwea, 29 Agosti 2024

Kwako mpwa wangu Zulfa,

Marahaba. Barua yako ilizunguka na konda siku tisa, akaniletea ikiwa na alama ya chai. Kifua ni kile kile. Mbuzi mmoja nimemuuza. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu, walioniibia mwaka jana naamini nao wameyaona. Mpe Mwantumu salamu zangu, mwambie kuongea si kosa kama ana la kusema.

Sasa nyumba. Nyumba hii ina zaidi ya miaka hamsini na haijaua mtu kwa joto. Bibi yako alizaa watoto sita ndani yake bila siling bodi. Umeme unakwisha kwa sababu mita ni mbovu. Nimekwisha jibu hilo.

Lakini najiuliza jambo. Miaka miwili hukuwahi kuulizia bati. Leo ghafla unataka kupima. Binamu yako Harithi alianza hivi hivi na shamba la Likunja. Kwanza alileta mtu wa kupima, akasema ni kwa ajili ya mipaka. Halafu akafyeka, akasema ni usafi. Halafu tukaona mtu mwingine anavuna. Sisemi wewe ni Harithi. Nasema naijua njia aliyopita.

Huyo fundi aje, afanye ya juu tu. Ndani asihamishe kitu. Kabati lisisogezwe. Kiti changu kibaki kilipo. Kizingiti kisiongezwe hata tofali moja. Mafiga ya jikoni yavunjeni, sina shida nayo.

Jambo la mwisho. Barua nzima hujaniletea salamu za mumeo. Amiri anasemaje kuhusu mpango huu?

Mjomba wako,
Shaibu


Ruangwa, 8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua nimeipata. Mwantumu amefurahi na maneno yako, sasa ana ruhusa ya mzee ya kuongea darasani, umeniponza. Hapa mjini maji yanatoka siku moja moja na malori ya mchanga yanapita kutwa.

Sitauza nyumba. Naandika wazi ili uitunze karatasi hii: sitauza. Ukinilinganisha na Harithi unaniumiza, maana yeye alipouza Likunja mimi ndiye niliyekaa na bibi siku tatu akikataa kula.

Lakini na mimi nina la kuuliza. Barua yako haikuandikwa na wewe. Ulikuwa karani wa ushirika miaka ishirini na mbili; watu walikuwa wanabandika stakabadhi zako ukutani kwa uzuri wa mwandiko. Herufi zako zinalala kulia kama mpunga uliopigwa na upepo. Hizi zimesimama wima, za mviringo, kila nukta mahali pake. Nani amekuandikia? Na kwa nini?

Pia nieleze, kabati lina nini? Bati liko juu, kabati liko chini, wala sikulitaja. Wewe ndiye uliyelitaja.

Saturnini atakuja wiki ya mwisho ya mwezi huu. Anakuja na rangi nyeupe ya bati, nondo nyembamba na wavu wa matundu ya hewa, na globu sita za LED. Moja inakula umeme wa kama sehemu ya kumi tu ya zile zako za zamani, na mwanga ni ule ule. Zile za zamani aziondoe zote.

Ya Amiri tuyaache. Ana shughuli zake.

Zulfa


Nachingwea, 2 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Joto limeanza. Shehe wetu wa msikiti wa hapa karibu aliugua, sasa ni mzima. Mama mmoja wa mtaa wa chini amejifungua mapacha.

Fundi wako amekuja, amekaa siku nne. Paa amepaka. Watu wanasema linang'aa mpaka barabarani, kwa hiyo umenifanya nionekane tajiri kabla ya msimu wa korosho. Matundu ametoboa pande zote mbili. Kweli ndani kuna hewa nzuri kidogo kuliko mwaka jana, lakini huenda ni mwezi tu. Jiko la udongo ni zuri. Mzigo wa kuni uliokuwa unakwisha siku mbili sasa unakwenda tano. Hilo nakushukuru, nisikunyime haki yako.

Lakini globu zako sikuzipenda. Alizifunga, nikakaa nazo saa moja, nikamwambia, "Toa hizi, rudisha zangu."

Akasema, "Mzee, mwanga si ni ule ule?"

Nikamwambia, "Nyumba ni ya nani?"

Akazirudisha za zamani. Zako ziko kwenye boksi, njoo uzichukue.

Siku ya tatu nikasikia anaburuta kitu sebuleni. Alikuwa anasogeza kabati, anasema apate pa kuegemeza ngazi. Nikamwambia arudishe na atoke. Alirudisha, lakini si mahali pake, na siku ile nilipata taabu ambayo si lazima uijue. Tena naambiwa alipima kiwanja kuanzia mchongoma mpaka mwembe wa jirani. Tangu lini bati likapimwa mpaka kwenye mwembe wa jirani? Nilipomuuliza akasema ni kwa ajili ya kibaraza. Kibaraza kirefu namna gani hicho?

Mkono wangu unatetemeka siku hizi, ndiyo maana naandikiwa. Hayo ndiyo majibu.

Umesema Amiri ana shughuli zake. Mume mwenye shughuli bado huwa anasalimu wakwe.

Shaibu


Ruangwa, 13 Oktoba 2024

Mjomba Shaibu,

Shikamoo. Huku sote wazima. Leo salamu zangu ni fupi, utanisamehe.

Saturnini alirudi akanikuta dukani. Nilimwambia akae, anieleze alichokiona, asipunguze. Akasema, "Dada, mchana wa saa sita, madirisha yako wazi, na globu zote sita zinawaka. Sebuleni, ukumbini, kila mlango una yake, zinaning'inia chini mpaka nilikuwa napiga kichwa. Nikazima moja, mzee akasema kwa ukali, nani kazima ya chumbani? Na hakuwa chumbani, alikuwa ukumbini anaelekea mlango huo."

Basi mita si mbovu. Umeme unauchoma wewe mwenyewe kwa makusudi, kutwa nzima, na mimi nanunua.

Akaniambia na mengine. Kuna mama wa jirani, anaitwa Prisila, ndiye aliyemfungulia mlango. Ndiye aliyeingiza namba kwenye mita. Ndiye mwenye kujua funguo za kabati ziko wapi. Wewe ukitaka karatasi, yeye ndiye anayeitoa. Sasa nimeelewa mwandiko ni wa nani, na nimeelewa kwa nini kabati lisisogezwe. Hati ya kiwanja imo humo.

Mjomba, wewe ni mgane, umri umekwenda, una nyumba ya matofali mjini na paa linalong'aa. Mwanamke hahitaji kuwa mwerevu sana kuyaona hayo. Anayekuandikia barua leo, kesho atakuandikia wosia, na mkono wako unaotetemeka utaweka dole gumba tu. Mkono huo sijui kama kweli unatetemeka au ni yeye aliyekwambia useme hivyo.

Nyumba ni ya bibi. Kwa mila zetu Wamwera, mimi ni mtoto wa dada yako, na mtoto wa dada si mgeni kwenye nyumba ya ukoo. Kwa hiyo kibaraza kitajengwa, upende usipende. Saturnini anarudi tarehe ishirini na moja kuchimba msingi wa nguzo upande wa magharibi. Nimemwambia asipokee amri ya mtu mwingine yeyote.

Zulfa


Nachingwea, 27 Oktoba 2024

Zulfa,

Sina salamu nyingi. Korosho zimeanza kuanguka, sijaokota.

Kibaraza chako nimekipata. Fundi wako alichimba mtaro mbele ya mlango wa magharibi siku ya Jumanne, akaenda kula. Jumanne hiyo hiyo nilitoka kwa mlango huo kama nilivyotoka kwa miaka mingi. Nimevunjika mkono wa kushoto juu kidogo ya kiganja, nimefungwa plasta, na goti limevimba.

Usinitumie pole. Mtu anayetaka nyumba huanza kwa kumtoa aliyemo. Harithi yeye alichimba maneno tu, wewe umechimba shimo.

Mwambie fundi achukue koleo lake. Na umeme usininunulie tena. Nitakaa gizani, wala sitaona tofauti.

Shaibu


Zulfa mwanangu, mimi ninayeandika ni Prisila, mwalimu mstaafu, nyumba ya pili kutoka hapa. Haya ninayoongeza mjomba wako hayajui. Nimemsomea aliyonituma, akasema nifunge bahasha, na mimi nimeketi nayo jikoni kwangu tangu misa ya kwanza bila kuifunga.

Mjomba wako haoni. Jicho la kushoto lilianza mwaka jana, la kulia lilifuata mwezi wa nne. Sasa anatofautisha mwanga na kivuli, basi. Zile globu sita anaziwasha ili zimwongoze kwa joto. Aliteremsha nyaya ili ziwe usawa wa kichwa. Akitembea anainua kiganja, akisikia joto anajua amefika mlangoni. Globu zako hazina joto, ndiyo maana alizikataa. Kutoka kwenye kona ya kabati mpaka mlango wa magharibi ni hatua nne, mpaka kwenye kiti ni hatua sita. Fundi alipolirudisha si mahali pake, alijigonga mara tatu siku ile. Ndani ya kabati mna nguo na stakabadhi za ushirika. Hati ya kiwanja sijawahi kuiona.

Nimemwambia kuna madaktari wa macho, twende. Anasema, "Wakijua, wataniondoa." Aliniapisha nisikuambie, nikaapa. Leo nimevunja kiapo, na nitakwenda kuungama kwa padri.

Barua zako zote nimemsomea neno kwa neno, na ile ya tarehe kumi na tatu pia. Nilipofika kwenye wosia nilisimama. Akauliza, "Mbona umenyamaza?" Nikasema natafuta miwani. Kisha nikasoma mpaka mwisho, kwa sababu nilijua nikiruka neno moja, siku atakayogundua hataamini tena neno lolote. Aliponiuliza ninasemaje, nilimwambia, "Mtoto ana hofu. Mwenye hofu huchagua adui aliye karibu."

Njoo.


Ruangwa, 30 Oktoba 2024

Mwalimu Prisila, shikamoo.

Naanza na wewe kwa sababu najua macho yanayosoma haya ni yako. Nilikuita mwizi wa nyumba, na wewe ulikuwa unayasoma matusi yangu kwa sauti ili mtu mwingine asidanganywe. Sina neno linalofikia hapo. Nisamehe. Baada ya hapa msomee mjomba, na mimi naomba hivyo hivyo, usiruke.

Mjomba Shaibu, shikamoo.

Najua kuhusu macho yako. Usimlaumu mwalimu. Kama angenyamaza, mwezi ujao ningekuletea fundi wa kuhamisha mlango.

Mtaro umefukiwa leo asubuhi, nimempigia Saturnini nikasubiri kwenye simu mpaka aliposema koleo la mwisho limeingia. Umeme nimenunua, namba nimemtumia mwalimu. Washa globu zako zote. Usizime hata moja.

Jumamosi nakuja. Nimeomba ruhusa dukani. Lakini kuna maneno ambayo nikikutazama sitayasema, kwa hiyo yatangulie.

Uliniuliza mara mbili kuhusu Amiri. Amiri alinipa talaka mwezi wa tano. Ana mke mwingine Mtwara, ana mtoto naye wa miaka minne. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Nyumba tuliyopanga aliacha kuilipia, nikatoka. Tangu mwezi wa sita nalala kwenye stoo ya duka, kati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi. Tajiri wangu anajua, ananihurumia, lakini stoo si makazi. Mwantumu hajui. Likizo ya mwezi wa sita nilimpeleka kwa rafiki yangu, nikamdanganya kwamba tunapaka nyumba rangi.

Basi mwezi wa nane nikaanza kuulizia bati. Uliona sawasawa. Umeme ulinishangaza kweli, lakini haukuwa sababu, ulikuwa mlango wa kuingilia. Nilitaka nyumba ipoe na matumizi yashuke kwa sababu nilikuwa najua atakayelipa na kuishi humo ni mimi. Na lipo baya zaidi. Chumba cha mashariki, unacholala wewe, nilikipanga kiwe changu na Mwantumu. Wewe nilikupanga chumba cha nyuma, kile cha magunia. Nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi kitanda changu kitakaa upande gani. Sikukuuliza. Nilisema moyoni, mzee wa peke yake anataka nafasi ya nini.

Kwa hiyo ulinishuku kwa haki. Ulikosea kosa tu, mkosaji ulimpata.

Wewe uliogopa kwamba tukijua utaondolewa. Na mimi, bila kujua lolote, nilikuwa nimeshakuondoa.

Nikifika Jumamosi kama hutaki kunifungulia, nitakaa kwa mwalimu, nitakusubiri uwe tayari kwenda hospitali. Kama ni mtoto wa jicho, wanamtoa. Mama mmoja mteja wetu wa Nkowe walimtoa, sasa anapanda baiskeli.

Zulfa


Nachingwea, 19 Januari 2025

Mpwa wangu Zulfa,

Marahaba ya shikamoo utakayonipa, nimeitanguliza. Mvua ni nyingi, mahindi yamefika kiunoni. Mkono umeunga, bado ni mgumu asubuhi. Mbuzi aliyebaki amezaa. Mwalimu Prisila anakusalimu, padri wake alimpa malipizi mepesi, anasema aliona hata padri alitaka kujua mwisho wa habari.

Jicho la kulia limetulia kabisa. Daktari amesema la kushoto watalipasua mwezi wa tatu. Naandika mwenyewe kama unavyoona, polepole, mistari inapanda mlima.

Mwezi wa kumi na moja ulipokuja hatukuzungumza. Ulinipikia, ukanishika mkono mpaka kituo cha basi, ukakaa nami hospitali, tukarudi tena mwezi wa kumi na mbili kwa upasuaji, na muda wote huo wewe unasema "hatua" na "ngazi" na "kula," na mimi nasema "haya." Waliponifungua bandeji nilikuona. Nilikuwa nasikia sauti ya mtu mnene, nikaona mtu aliyekonda, ana rangi ya mafuta kwenye kucha. Nilitaka kusema neno, nesi akaniambia nitazame kidole chake. Kisha ukarudi Ruangwa, kwenye stoo.

Nikueleze sababu yangu, maana yako umeieleza. Rafiki yangu Mikidadi alikuwa mtu wa mizani, mimi karani, tulipima korosho pamoja. Macho yake yalipokwisha wanawe walikuja na gari wakampeleka mjini kwao, kwa mapenzi kabisa. Nilimtembelea. Walikuwa wamemkalisha kwenye mkeka kwenye kona, hajui choo kiko wapi, hajui mlango uko wapi, mtu akipita anavuta miguu. Akaniambia, "Shaibu, nyumbani nilikuwa kipofu, hapa ni mzigo." Hakumaliza mwaka. Nikaapa nitafia kwenye nyumba ambayo hatua zake nazijua. Ndiyo maana nilikudanganya kuhusu mkono, na kuhusu mita, nikakuita Harithi. Na nikakuacha unanunua umeme wa globu sita ukiwa unalala kwenye saruji. Hilo la mwisho sikulijua, lakini lilitokea.

Barua zako nimezitoa nikazisoma mwenyewe zote. Nakiri nilikuwa namkagua mwalimu. Nilitaka kuona kama alinisomea sawa. Nilipomaliza niliona aibu, nikaenda kumwambia. Akasema, "Ningekushangaa usingekagua, wewe ni karani."

Sasa nyumba. Globu zako nimezifunga zote sita, nikazipandisha juu. Uniti za mwezi uliopita bado zimo. Mvua ikipiga bati unasikia hewa inaingia kwenye yale matundu, vyumba havina ule ukungu wa zamani. Siling bodi ya chumba kimoja fundi ameiweka, nimeuza korosho nikalipa mwenyewe. Kimoja kinatosha kwa mwaka huu. Kibaraza tutakijenga kiangazi, nitakuwepo mtaro ukichimbwa, na nitaweka kamba.

Chumba hicho kimoja chenye siling bodi ni cha mashariki. Nimekihama. Usifikiri ni wewe uliyenihamisha. Magunia nimeyatoa chumba cha nyuma, nimeweka kitanda changu, kina dirisha la upande wa barabara na nimegundua napenda kuona nani anapita. Nimekaa miezi minane bila kuona nani anapita. La kuhama nimeamua mwenyewe, na hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitaka.

Njoo na Mwantumu kabla shule hazijamrudisha mbali. Kama wameshafungua, njoo wewe, yeye atakuja likizo, na asidanganywe tena kuhusu rangi. Leta kitanda, changu sikupi. Hapa mjini maduka ya vifaa yapo matatu na mmoja wa wenye maduka nilimwandikia stakabadhi baba yake, nitakwenda kumwona. Akikataa, utakaa bila kazi mpaka ipatikane, mihogo ipo.

Mwenyekiti wa mtaa nimemwambia aandike kwamba nyumba ya marehemu ina wakazi wawili na mtoto mmoja. Akauliza kwa sababu gani. Nikamwambia aandike tu.

Ukifika hatutazungumza siku ya kwanza, utakuwa umechoka. Siku ya pili nitaweka viti viwili nje, utanieleza ya Amiri kwa mdomo wako, kuanzia mwanzo, na mimi nitanyamaza mpaka umalize. Sijawahi kunyamaza mpaka mtu amalize, unanijua, bibi yako alinikatia tamaa. Lakini nitajaribu.

Barua usinijibu. Basi la asubuhi linafika saa tano. Nitakuwa nimesimama kituoni, na mimi ndiye nitakayekuona kwanza.

Mjomba wako,
Shaibu